Eufrasia Alikwenda Ukweni na Nyumba Yake

Enock alitanguliza shikamoo, halafu ndipo akawanyang'anya wazazi wake ufunguo. Ilikuwa asubuhi kweupe, uani kwake Kahama mjini, chai bado inafuka moshi vikombeni. Aliuchukua ufunguo mezani, akautia mfukoni mwa shati na kufunga kifungo. Mtu mzima wa miaka arobaini na moja, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mke na watoto watatu, anamficha mama yake ufunguo.

"Gari linabaki hapa," alisema. "Kwa Noela mtakwenda na basi. Nitawapeleka stendi mwenyewe. Mtamwona mtoto, mtakula, jioni mtarudi."

"Noela ana siku sita tu tangu ajifungue," Eufrasia alimjibu. "Mimi siendi kumwona nikarudi. Naenda kukaa naye mpaka arobaini iishe."

"Utalala wapi, mama? Kwa mkweo?"

Hapo Enock alidhani amemkamata pabaya. Kwa watu wa Kishapu, mama haingii kulala chini ya paa la mume wa binti yake. Hata wakionana mchana, mkwe hupita pembeni na macho chini, naye mama huzuga anatazama kuku. Na si nyumba ya mkwe peke yake. Marselino, mume wa Noela, alikuwa amejenga katika mji wa baba yake, boma la ukoo mzima, huko kwenye milima ya Geita, pamoja na kaka zake na baba zake wadogo, kwa hiyo kila bati na kila nyasi iliyoezekwa pale ilikuwa ya mkwe. Mama wa Noela hakuwa na pa kuweka ubavu.

"Nyumba ninayo," Eufrasia alisema, akaelekeza kidevu kwenye ile Kosta iliyoegeshwa kando ya tangi la maji.

Enock alifumba macho. Hiyo ndiyo aibu yenyewe. Wazazi wake walipostaafu, yeye alitarajia kiinua mgongo kijenge vyumba vya kupangisha, kama wazazi wa watu. Badala yake baba yake alikwenda kununua Kosta iliyochoka, iliyowahi kubeba watoto wa shule, akang'oa viti na kuweka kitanda, kabati, jiko la gesi lililofungwa kwa nati na pipa la maji lenye koki. Mbavuni bado yalisomeka maneno TAHADHARI WANAFUNZI. Wazee hawakuyafuta, maana dereva mwenyewe alikuwa mwanafunzi.

Dereva alikuwa Eufrasia. Mumewe Stanslaus aliendesha malori ya pamba miaka thelathini, lakini ukungu ulimwingia macho yote mawili na sasa alikuwa akisubiri zamu ya kupasuliwa. Magari yanayokuja aliyajua kwa muungurumo. Basi alimkalisha mkewe kwenye usukani, katika uwanja wa mpira wa Mhunze, kwao Kishapu, akamfundisha jioni hadi jioni huku vijana wakishangilia kila gari lilipozimika. Eufrasia alipata leseni akiwa na miaka sitini na moja. Aliifunga kwenye nailoni, akaiweka pamoja na cheti chake cha uuguzi.

"Watu wananiuliza," Enock alisema taratibu, na sauti yake haikuwa ya ubaya. "Wananiuliza kama nimewafukuza wazazi wangu mpaka wanalala kwenye gari. Niwajibu nini?"

"Wajibu kwamba mama yako ana nyumba inayotembea, wao zao zimesimama."

Stanslaus alicheka na chai ikampalia. Enock hakucheka. Aliaga, akasema atawapitia saa nne, akaenda dukani na ufunguo wake mfukoni.

Eufrasia alimaliza chai bila haraka. Aliosha vikombe, akafuta meza, akachukua kijiko kimoja cha chai kutoka kwenye kabati lake mwenyewe ndani ya gari na kuketi kwenye usukani. Kijana alikuwa amesahau kuuliza jambo moja. Swichi ya Kosta ile ilikwisha kulika zamani sana, na tangu waondoke Mhunze hakuna aliyehangaika kuiwasha kwa ufunguo. Ufunguo ulikuwa pambo la mezani. Eufrasia alichomeka mpini wa kijiko, akazungusha, na injini ikaitika.

Nelly, mke wa Enock, alitoka jikoni mikono imejaa unga. Alimtazama mama mkwe wake, akatazama kijiko, kisha akaenda moja kwa moja kufungua geti.

"Mimi mama sijaona kitu," alisema. "Nilikuwa nasonga ugali."

"Ugali saa mbili asubuhi?"

"Wa mbwa." Akafunika mdomo kwa kiganja, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Wakatoka. Barabara ya lami kuelekea Masumbwe ilikuwa wazi, mashamba ya mpunga pande zote, baiskeli zimebeba mkaa. Eufrasia aliendesha mwendo wake wa siku zote, ule wa kuwaudhi wenye mabasi. Walimpita wakipiga honi, naye akawapungia mkono mmoja mmoja. Nyuma, gunia la michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, liliegemea kitanda, na karibu yake debe la mchele, karanga zilizomenywa, kuku wawili waliofungwa miguu na beseni jipya la kuogeshea mtoto. Mtu haendi kwa mzazi mikono mitupu.

"Gia ya nne inalalamika," Stanslaus alisema, kichwa ameegemeza dirishani.

"Iache ilalamike. Ina mwenzake Kahama."

Wote wawili walikuwa wakiwaza jambo moja na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulitaja.

Noela alikuwa na mtoto mwingine kabla ya huyu. Ilikuwa miaka miwili iliyopita. Mama yake Marselino alikwisha kufariki, mawifi walikuwa wasichana wadogo, na Eufrasia alikwenda kwa basi kumtazama bintiye. Mchana alikaa naye kivulini, akamkanda, akamwogesha mtoto. Jua lilipoanza kushuka aliondoka kama desturi inavyotaka, akaenda kulala nyumba ya wageni kwenye kituo cha biashara, kilomita kumi na moja kutoka pale. Alifanya hivyo siku nne. Usiku wa nne mvua ilinyesha, njia ya mlimani ikageuka utelezi, na asubuhi hakuna bodaboda iliyokubali kupanda. Alipanda kwa miguu. Alipofika aliwakuta wanawake wameketi chini, nje ya nyumba, wamejifunga khanga viunoni, na akajua kabla hajaambiwa.

Homa ilimpanda mtoto jioni, walimwambia. Walidhani ni kawaida. Eufrasia alikuwa mkunga wa zahanati miaka thelathini na minne. Amepokea watoto wa Kishapu hata hesabu ameipoteza, na homa ya kichanga aliijua kwa kumgusa shingo tu. Watoto wa watu aliwaokoa. Wa binti yake alikufa yeye akiwa amelala kwenye shuka za kukodi, kilomita kumi na moja, kwa sababu alitii. Uchungu ule haukupungua hata kidogo. Uligeuka hasira tu, na hasira ile ndiyo iliyomkalisha kwenye usukani. Siku ile ile ya matanga alimwambia mumewe: siku nyingine nitakwenda na paa langu.

Masumbwe walisimama kununua ndizi. Simu ililia. Stanslaus aliiweka sauti ya nje.

"Mama!" Enock alikuwa akihema. "Mmeondokaje? Ufunguo si huu hapa ninao?"

"Utunze vizuri, baba. Tutauhitaji tukiliuza."

"Mama, mimi sitanii. Nimempigia mzee Mwigulu, baba mkwe wa Noela. Nimemwambia mnakuja na lile gari. Amesema hapokei jambo hilo kwenye mji wake. Msijitie aibu, rudini."

Eufrasia alimenya ndizi, akaila nusu, nusu akampa mumewe.

"Enock, mwanangu," alisema. "Nimekuzaa mwenyewe, nikakukata kitovu mwenyewe kwa sababu muuguzi wa zamu alichelewa. Nakupenda. Usiku wa nne nilikuwa wapi?"

Upande wa pili Enock alikohoa.

"Nakuuliza. Usiku wa nne mama yako alikuwa wapi?"

"Nyumba ya wageni," Enock alisema kwa sauti ndogo.

"Basi," Eufrasia alisema, akakata simu.

Baada ya Masumbwe waliiacha lami. Njia ya changarawe iliwapitisha kwenye vijiji vya wachimbaji wadogo, penye karasha zinazosaga mawe mchana kutwa na vumbi jeupe juu ya kila jani. Mbele yao milima ilianza kuinuka, mmoja nyuma ya mwingine, na kwa mtu aliyezaliwa kwenye mbuga tambarare za Kishapu ilikuwa mirefu ya kutosha kumkausha mate. Eufrasia aliingiza gia ya pili na kuanza kupanda.

Ulikuwa mlima mmoja tu mbaya, ule wa mwisho. Kushoto ukuta wa mwamba, kulia korongo. Walikuwa wamefika katikati ilipotokea Fuso juu, imejaa mawe ya kupeleka kwenye karasha. Ilishuka ikasimama puani pao. Dereva alitoa kichwa nje.

"Bibi, rudi nyuma!"

Eufrasia aliitazama njia kwenye kioo. Nyuma kulikuwa na kona, na baada ya kona korongo. Juu, hatua kumi nyuma ya Fuso, palikuwa na nafasi ya kupishana iliyochongwa mwambani.

"Nani ana haki?" alimnong'oneza mumewe.

"Anayepanda," Stanslaus alisema bila kusita. "Mwenye kushuka ndiye anampisha. Hata angekuwa waziri."

Eufrasia alivuta breki ya mkono na kuzima injini. Kisha akachukua chupa ya chai, akamimina kikombe, akakaa.

"Bibi, husikii? Nina mzigo!"

"Na mimi nina nyumba nzima!" Eufrasia alipaza sauti. "Nafasi iko nyuma yako hapo, hatua kumi. Mimi nyuma yangu ni kaburi. Chagua!"

Dereva alipiga honi ndefu. Utingo wake alishuka, akaja mpaka dirishani na maneno tayari mdomoni, akakuta mwanamke wa nywele nyeupe anakoroga sukari, pembeni yake mzee mwenye macho ya maziwa, na nyuma yao kitanda kilichotandikwa shuka la maua, jiko na kuku wawili.

"Shikamoo," alisema.

"Marahaba, baba. Mwambie mwenzako arudi polepole, wewe ukimwongoza. Mawe hayaozi."

Fuso ikarudi, hatua kwa hatua, ikinguruma mpaka mwamba ukatetemeka, na ikaingia kwenye nafasi. Dereva alikuwa amenuna, lakini alirudi.

Sasa kulikuwa na kazi ya kuondoka. Kuliondoa gari katikati ya mlima kulimshinda Eufrasia hata Mhunze, kwenye kichuguu. Stanslaus alilijua hilo. Alishuka, akapapasa kandoni mpaka akapata jiwe zito la pembe, akalisukuma nyuma ya tairi.

"Mimi naona kivuli tu, lakini tairi nalisikia," alisema. "Ondoka, na ukishaondoka usisimame. Mpaka juu, Mama Enock. Usinisubiri."

"Na wewe je?"

"Nina miguu."

Eufrasia alichomeka kijiko. Aliingiza gia ya kwanza. Alikanyaga mafuta, akaachia breki, gari likarudi kidole kimoja likagonga jiwe, likatulia, kisha likajivuta. Likapanda. Aliipita Fuso bila kugeuza shingo, akimwomba Mungu na kumtukana Enock kwa zamu, na hakusimama mpaka njia ikalala sawa na paa za mji wa mzee Mwigulu zikaonekana nyuma ya ua wa minyaa.

Hapo alisimama akamngoja mumewe. Alikuja baada ya robo saa, shati limelowa, kafuata ukuta wa mwamba kwa bega. Jiwe lilikuwa mikononi mwake.

"Umelibeba la nini, mwanaume wewe?"

"Ni zuri," alisema. "Huwezi jua huko tunakokwenda kukoje."

Mzee Mwigulu alikuwa amesimama kwenye lango la mji, fimbo mkononi, watoto wake wa kiume nyuma yake. Marselino alikuwa wa mwisho, macho chini. Nyumba ya Noela ilikuwa pembeni kabisa, imepakana na ua.

"Mwadila, mayu," mzee alimsalimu mama kwa Kisukuma, maana adabu haikosi mahali pake hata siku ya ugomvi.

"Mwadila, baba."

"Mama Enock, kula utakula, na mjukuu utampakata. Mimi si mtu mbaya. Lakini mama wa mke halali kwenye mji wa mkwe. Hilo gari lina kitanda, nimeambiwa. Likiingia ndani ya lango hili, umelala kwa mkweo. Nikiruhusu hilo, kesho watu wataniheshimu kwa lipi?"

"Umesema kweli," Eufrasia alimjibu. "Na mimi desturi naiheshimu. Miaka miwili iliyopita niliiheshimu siku nne, na unajua nilichokikuta siku ya tano."

Mzee alihamisha fimbo mkono wa pili. Alikuwa ndiye aliyechimba kaburi lile dogo kwa mikono yake, na Eufrasia alijua, wala hakumsamehe wala kumlaumu.

"Niambie mji wako unaishia wapi."

"Kwenye minyaa."

"Na hapa niliposimama?"

"Hapo ni njia ya ng'ombe. Ya kijiji kizima."

"Haina mwenyewe?"

"Haina."

Eufrasia alirudi kwenye usukani. Aliiendesha Kosta taratibu nje ya ua, kufuata minyaa, mpaka akafika usawa wa nyumba ya Noela. Akaegesha ubavu kwa ubavu na ua, mlango wa gari ukitazama minyaa, kisha akashuka.

"Hapa si kwa mkwe," alisema kwa sauti ya kusikika mji mzima. "Hapa ni kwangu. Nitalala hapa siku thelathini na nne zilizobaki, chini ya paa langu, na mume wangu ubavuni. Nani ana neno?"

"Ng'ombe watapita wapi jioni?" mmoja wa kaka zake Marselino alidakia.

"Watajibana. Fuso yenye mawe imenipisha leo, itakuwa ng'ombe?"

Mzee Mwigulu alisogea mpaka kwenye ua. Aliitazama minyaa, akalitazama gari, akatafuta kosa na hakuliona. Mwishowe aliketi kwenye kigoda chake, kwa sababu miguu ilikuwa imechoka na desturi ilikuwa imetimizwa yote, hakuna lililobaki la kumkatalia.

Lakini minyaa ilikuwa mirefu, imeshonana. Ili Noela afike kwenye mlango wa gari ingembidi azunguke mji wote, apite langoni mbele ya wazee, mara tano kwa siku, na mshono haujapona. Eufrasia aliliona hilo baada ya kushuka, na kwa mara ya kwanza siku ile hakujua la kufanya. Gari lenyewe lilikuwa limesimama kwenye mteremko, breki zinalia.

Marselino alijitokeza kutoka nyuma ya kaka zake. Hakumtazama mama mkwe wake, wala Eufrasia hakumtazama yeye; mama aligeuka akatazama kuku, ingawa kuku walikuwa ndani ya gari. Alimwendea Stanslaus, akamwamkia, akapokea lile jiwe mikononi mwake, akapiga goti na kulikaza chini ya tairi la nyuma. Alitafuta jingine, akakaza la mbele. Kisha akaingia nyumbani kwake, akatoka na panga.

"Marselino," baba yake aliita.

"Naam, baba."

"Unafanya nini?"

"Nafungua mlango," Marselino alisema, akaanza kukata minyaa.

Utomvu mweupe ulimrukia mikononi, naye aliendelea, kichwa kando ili usimwingie machoni, mpaka pakawa na nafasi ya mtu mmoja kati ya nyumba yake na gari. Aliburuta matawi pembeni, akafagia chini kwa mguu, akaondoka zake bila kuinua uso. Mzee Mwigulu hakumwita tena.

Noela alitokea kwenye upenyo, khanga mbili, uso umevimba usingizi, mtoto kifuani. Alipoiona Kosta alisimama.

"Mama, unaondoka saa ngapi?"

Eufrasia alimpokea mtoto. Alimgusa shingo kwa nyuma, chini ya sikio, kama alivyogusa shingo za watoto wa watu miaka thelathini na minne. Ilikuwa ya uvuguvugu wa kawaida. Aligusa tena ili ahakikishe, na mara ya tatu kwa sababu alitaka tu, machozi yakimtiririka bila aibu mbele ya wakwe wote.

"Ingia ukae kitandani," alimwambia bintiye. "Uji wako wa karanga nakupikia sasa hivi."

Stanslaus aliwasha gesi kwa kupapasa. Uji ulipoanza kuchemka Eufrasia alitafuta kitu cha kukorogea sukari, akakumbuka. Alinyoosha mkono mpaka kwenye usukani, akachomoa kijiko kwenye swichi, akakiosha kwenye koki ya pipa na kukitumbukiza kwenye kikombe cha Noela.